Upimaji wa mzio wa mende na panya kwa watoto wenye pumu

Upimaji wa mzio wa mende na panya ni uchunguzi wa kitabibu unaofanywa ili kujua kama mwili wa mtoto mwenye pumu umetengeneza kingamwili dhidi ya vitu vinavyotoka kwa mende, panya na viumbe wengine wanaoishi ndani ya nyumba za watu. Njia kuu ni mbili: kipimo cha ngozi na kipimo cha damu. Vyote viwili hutafuta kingamwili ya aina ya IgE.

Kipimo hicho peke yake hakithibitishi kwamba mende au panya ndio wanaomsumbua mtoto. Kinaonyesha tu kwamba mwili wake uko tayari kupambana nao. Ili matokeo yawe na maana, yanalinganishwa na mambo mengine mawili: historia ya ugonjwa wa mtoto, na hali halisi ya mahali anapolala, anapocheza na anaposoma. Mambo hayo matatu yakikubaliana, familia na daktari hupata sababu ya kutosha ya kuanza kazi ya kuwaondoa viumbe hao.

## Pumu na mzio

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Kuta za mirija ya mapafu huvimba, hutoa ute mwingi, na misuli inayoizunguka hukaza kwa urahisi. Mgonjwa hubanwa na kifua, hukohoa hasa usiku au alfajiri, na pumzi yake hutoa mlio kama wa filimbi. Dalili huja na kuondoka. Baina ya shambulio moja na jingine mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa.

Mzio ni hali ya mfumo wa kinga kukipinga kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara. Kitu hicho huitwa kizio (wingi: vizio). Mtoto mwenye mwelekeo wa mzio anapovuta kizio mara kwa mara, mwili wake hutengeneza IgE inayokitambua kizio hicho tu. IgE hiyo hujishika juu ya seli za masti, ambazo ziko nyingi kwenye ngozi na kuta za njia za hewa. Kizio kikiingia tena, hukutana na IgE, na seli hizo hufungua akiba yake ya kemikali, ikiwemo histamini. Ndani ya dakika chache mirija huvimba na kubana. Baada ya saa kadhaa uvimbe unaweza kurudi tena kutokana na seli nyingine za kinga zilizoitwa mahali hapo.

Si kila pumu inatokana na mzio. Mafua, moshi wa sigara au wa kuni, hewa baridi na mazoezi vinaweza kuamsha shambulio bila IgE kuhusika. Hata hivyo, watoto wengi wenye pumu ya kudumu walio katika umri wa shule wana mzio wa kizio kimoja au zaidi cha ndani ya nyumba.

## Vizio vya mende, panya na utitiri

Mende wanaohusika zaidi ni wawili: mende wa Kijerumani (*Blattella germanica*), mdogo na wa rangi ya hudhurungi, anayependa jikoni, na mende wa Kimarekani (*Periplaneta americana*), mkubwa na mwekundu, anayependa vyoo, mashimo ya maji machafu na mahali penye unyevu. Licha ya jina lake, mende wa Kimarekani ana asili ya Afrika. Vizio vyao vimo katika kinyesi, mate, magamba wanayoyaambua wanapokua na miili yao inayooza. Wataalamu huvipa majina yanayotokana na jina la kisayansi la mdudu, kwa mfano Bla g 1 na Bla g 2.

Kwa panya mdogo wa nyumbani (*Mus musculus*) kizio kikuu huitwa Mus m 1, nacho hupatikana katika mkojo wake. Panya wakubwa wa jenasi *Rattus* wana kizio cha namna hiyo kiitwacho Rat n 1.

Kuna tofauti muhimu kati ya vizio vya mende na vya panya. Vya mende hubebwa na chembe kubwa kiasi, ambazo huinuka hewani mtu anapofagia au kukung'uta matandiko, kisha huanguka upesi. Kwa hiyo hukusanyika sakafuni, kwenye godoro na kwenye viti vya kitambaa. Vya panya hubebwa na chembe ndogo zaidi, huelea hewani muda mrefu na kusambaa katika jengo zima. Ndiyo maana vimekutwa hata katika vyumba ambavyo wakazi wake hawajawahi kuona panya.

Pamoja na hao hupimwa utitiri wa vumbi la nyumbani. Utitiri ni viumbe wadogo wa jamii ya buibui wasioonekana kwa macho, wanaokula chembe za ngozi ya binadamu na kuishi katika magodoro na mito. Hawahesabiwi kuwa waharibifu kama mende na panya, lakini katika upimaji hawatenganishwi, kwa sababu mtoto mmoja mara nyingi ana mzio wa zaidi ya kiumbe kimoja.

## Historia

Mtu aliyefungua njia ya vipimo vya ngozi ni Charles Blackley, daktari wa Manchester nchini Uingereza, aliyekuwa na mzio wa chavua. Alikwaruza ngozi yake mwenyewe na kupaka chavua hapo, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1873. Neno lenyewe la mzio, kama linavyotumika katika tiba ya kisasa, lilipendekezwa na Clemens von Pirquet wa Austria mwaka 1906.

Mende hawakupewa uzito kwa muda mrefu. Mwaka 1964 Harry Bernton na Halla Brown wa Marekani walichapisha taarifa ya vipimo vya ngozi vilivyofanywa kwa dondoo la mende, na kuonyesha kwamba mdudu huyo naye huleta mzio.

IgE iligunduliwa miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko huko Denver, Marekani, na S. G. O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi. Shirika la Afya Duniani lilikubali jina la IgE mwaka 1968. Ugunduzi huo ndio uliowezesha mzio kupimwa kwa damu.

## Nani anapaswa kupimwa

Mwongozo wa kitaifa wa pumu wa Marekani wa mwaka 2007 ulishauri kwamba wagonjwa wenye pumu ya kudumu, yaani wanaohitaji dawa ya kila siku, wachunguzwe kama wana mzio wa vizio vya ndani ya nyumba. Mtoto anayebanwa mara chache tu kwa mwaka, tena wakati wa mafua, kwa kawaida hahitaji.

Daktari huanza na maswali. Je, dalili huwa mbaya zaidi nyumbani kuliko mahali pengine? Je, mtoto hupata nafuu akienda kukaa kwa ndugu kwa wiki kadhaa? Je, mende huonekana mchana? Je, kuna kinyesi cha panya kabatini au nyuma ya jiko? Mtoto analala chumba gani, na juu ya nini?

Maswali hayo ni ya lazima lakini hayatoshi, na hapo ndipo kipimo kinaposaidia. Mwenye mzio wa paka akimshika paka hupiga chafya papo hapo, naye hujua adui yake. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye mende huvuta vizio vyao usiku na mchana, mwaka mzima. Hakuna saa ambayo mzazi anaweza kusema, "Hapa ndipo alipoanza." Hivyo mzazi anaweza kukataa kwa moyo mweupe kwamba mende wanahusika, ilhali wanahusika.

Umri si kizuizi. Hata mtoto mdogo anaweza kupimwa, ila ngozi ya watoto wachanga huitikia kwa udhaifu, na mzio wa vitu vinavyovutwa hujengeka polepole kwa miaka. Jibu hasi la mtoto wa miaka miwili halimfungi maisha. Dalili zikiendelea, anaweza kupimwa tena akiwa mkubwa.

## Kipimo cha ngozi

Kipimo hiki hufanywa kwenye upande wa ndani wa mkono au, kwa watoto wadogo, mgongoni. Mhudumu huweka matone ya dondoo za vizio kwa mstari, kila tone na namba yake. Kisha huchoma ngozi kidogo kupitia kila tone kwa kijisindano kifupi. Damu kwa kawaida haitoki, na maumivu ni kama ya mkwaruzo.

Matone mawili ya ziada ni ya ulinganisho. Moja ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuleta uvimbe. Jingine ni histamini, ambayo lazima ilete uvimbe. Tone la histamini lisipovimba, kipimo chote hakiaminiki, kwa sababu kuna kitu kinachoizuia ngozi kuitika. Tone la maji ya chumvi likivimba, huenda ngozi ya mtoto huvimba kwa kuguswa tu.

Majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Mhudumu hupima kwa rula upana wa kivimbe kilichoinuka, si wekundu unaokizunguka. Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa jibu chanya.

Kabla ya kipimo, mambo yafuatayo huzingatiwa:

* Dawa za antihistamini, zikiwemo nyingi za mafua na za kuwashwa, husimamishwa kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki moja, kwa maelekezo ya daktari.
* Dawa za pumu za kuvuta hazisimamishwi. Hazizuii majibu ya ngozi, na kuziacha ni hatari.
* Krimu za steroidi hazipakwi kwenye sehemu itakayopimwa.
* Mtoto aliye katika shambulio, au ambaye pumu yake haijatulia, hapimwi kwa ngozi hadi apate nafuu.

Madhara makubwa ni nadra sana, lakini yanawezekana. Kwa hiyo kipimo hufanywa mahali penye mhudumu aliyefunzwa na dawa ya adrenalini tayari mkononi. Mwasho wa kawaida huisha ndani ya saa chache.

## Kipimo cha damu

Damu kidogo huchukuliwa kwenye mshipa, na maabara hupima kiasi cha IgE inayotambua kila kizio kilichoombwa. Matokeo huandikwa kwa vizio vya kipimo vinavyofupishwa kU/L. Kwa miaka mingi 0.35 kU/L imetumiwa kama mpaka wa jibu chanya, ingawa mashine za siku hizi zinaweza kutambua hata 0.1.

Faida yake ni kwamba hakuna dawa inayohitaji kusimamishwa, hakuna hatari ya mzio mkali, na mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kupimwa. Upungufu wake ni gharama, na majibu kusubiriwa kwa siku kadhaa. Kipimo cha ngozi hutoa majibu palepale, na mzazi huyaona kwa macho yake.

Vipimo hivyo viwili havitoi majibu yaleyale kila mara. Mtoto mmoja anaweza kuwa chanya kwa damu na hasi kwa ngozi, au kinyume chake. Iwapo historia inaelekeza sana kwenye mende na kipimo cha kwanza ni hasi, daktari anaweza kuomba cha pili.

Vipo pia vipimo vinavyouzwa kwa jina la mzio ambavyo havina msingi wa kitaalamu kwa kazi hii, kama vile vya kupima nywele au kingamwili ya aina ya IgG. Mashirika ya madaktari wa mzio hayashauri vitumike.

## Jinsi ya kuelewa matokeo

Jibu chanya lina maana kwamba IgE ipo. Watu wengi wana IgE dhidi ya kitu fulani na hawaugui kwa sababu yake. Ukubwa wa kivimbe, au wa namba ya damu, huongeza uwezekano kwamba mzio ni wa kweli, lakini hauonyeshi shambulio litakuwa kali kiasi gani.

Jibu hasi hupunguza uwezekano wa mzio lakini haliufuti. Kwa mende tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa dondoo zake hazijasawazishwa kama zile za utitiri au paka. Chupa mbili kutoka kwa watengenezaji tofauti zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Zaidi ya hayo, wagonjwa hawana mzio wa protini moja ya mende: huyu huitikia hii, yule huitikia ile.

Kufanana kwa protini nako huchanganya. Tropomiosini, protini ya misuli, inafanana kwa mende, utitiri na kamba wa baharini. Mtu mwenye IgE dhidi ya tropomiosini ya kiumbe mmoja anaweza kuonekana chanya kwa wengine pia. Jibu chanya la mende halitoshi kumkataza mtoto kula kamba ikiwa amekuwa akiwala bila shida.

Minyoo huongeza ugumu katika nchi za joto. Maambukizi ya minyoo hupandisha IgE ya jumla mwilini, na baadhi ya protini za minyoo, ikiwemo tropomiosini, zinafanana na za mende na utitiri. Mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na IgE katika damu bila ngozi yake kuitika na bila dalili zozote. Kwa sababu hiyo IgE ya jumla haifai kutumiwa kama kipimo cha mzio wa mende.

Mfano unaweza kuonyesha tofauti. Watoto wawili wana pumu ya kudumu na majibu yaleyale: chanya kwa mende. Wa kwanza analala chumba kilicho karibu na jiko, mende huonekana kila usiku, na hukohoa zaidi akiwa nyumbani. Wa pili anaishi na kusoma mahali pasipo na mende, na hubanwa anapokimbia au akipata mafua. Karatasi zao za maabara zinafanana, lakini kwa wa kwanza kuondoa mende ni sehemu ya tiba, na kwa wa pili sivyo.

## Kuchunguza nyumba

Kwa kuwa kipimo cha mtoto ni nusu ya jibu, nusu ya pili iko nyumbani. Njia rahisi ni mitego ya gundi. Huwekwa jikoni, chooni na chumba cha kulala kwa usiku kadhaa, kisha mende walionaswa huhesabiwa. Mitego hiyo pia huonyesha wanakotokea. Kwa panya hutafutwa kinyesi, vifungashio vilivyotafunwa, mashimo na alama za mafuta ukutani.

Katika utafiti, vumbi hukusanywa kwa mashine ya kufyonza na kupimwa maabara. Kwa kizio Bla g 1, uniti 2 kwa gramu moja ya vumbi zimehusishwa na mwili kuanza kutengeneza IgE, na uniti 8 zimehusishwa na kuzidi kwa dalili. Familia haihitaji kipimo hicho ili kuchukua hatua. Mende anayeonekana anatosha kuwa ushahidi.

Shule nayo haipaswi kusahauliwa. Utafiti uliofanywa katika shule 37 za kaskazini-mashariki mwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kizio cha panya katika asilimia 99.5 ya sampuli za vumbi la madarasani. Wanafunzi 284 wenye pumu walifuatiliwa, na wale waliokuwa katika madarasa yenye kizio kingi walikuwa na dalili zaidi na nguvu ndogo ya mapafu.

## Ushahidi kutoka miji ya Marekani

Mengi yanayojulikana kuhusu suala hili yametokana na tafiti zilizofanywa katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo katika miji mikubwa ya Marekani, ambako pumu ya watoto ni kali na majengo mengi ni chakavu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulihusu watoto 476 wenye pumu kutoka maeneo 8, yakiwemo Bronx, Chicago, Detroit na Baltimore. Walipimwa ngozi, na vumbi la vyumba vyao likapimwa pia. Asilimia 36.8 walikuwa na mzio wa mende, 34.9 wa utitiri na 22.7 wa paka. Nusu ya vyumba vya kulala (asilimia 50.2) vilikuwa na kiasi kikubwa cha kizio cha mende. Watoto waliokuwa na mzio wa mende *na pia* kizio kingi chumbani walilazwa hospitali kwa wastani wa mara 0.37 kwa mwaka, wakati wengine walilazwa mara 0.11. Waliokosa usingizi na shule zaidi walikuwa ni walewale. Mchanganyiko wa mzio na makazi ndio uliobeba hatari hiyo.

Katika mradi huohuo, vumbi la asilimia 95 ya nyumba lilikutwa na kizio cha panya angalau katika chumba kimoja.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 937 wa miaka 5 hadi 11 katika miji 7. Familia za kundi moja zilifundishwa na kusaidiwa kusafisha nyumba kulingana na majibu ya ngozi ya kila mtoto: mwenye mzio wa mende alisaidiwa kuhusu mende, wa utitiri kuhusu utitiri. Katika mwaka wa kwanza kundi hilo lilikuwa na wastani wa siku 3.39 za dalili katika kila wiki mbili, na kundi la ulinganisho siku 4.20. Tofauti iliendelea katika mwaka wa pili.

Si kila jaribio lilifanikiwa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio la watoto 361 wa Baltimore na Boston wenye mzio wa panya. Nusu walipata mafunzo pamoja na huduma ya wataalamu wa kuondoa panya, na nusu mafunzo peke yake. Makundi hayo hayakutofautiana kwa dalili. Hata hivyo kizio cha panya kilipungua katika makundi yote mawili, na watoto ambao nyumba zao zilipata upungufu mkubwa ndio waliopata nafuu zaidi. Kinacholeta nafuu ni kizio kupungua kweli, kwa vyovyote kazi ilivyofanywa.

## Hatua baada ya kipimo

Dawa za pumu zinaendelea kuwa msingi. Hakuna usafi wa nyumba unaochukua nafasi ya dawa ya kuvuta ya kila siku kwa mtoto anayeihitaji.

Kwa nyumba, mwongozo wa Marekani uliohuishwa mwaka 2020 unashauri udhibiti husishi wa waharibifu kwa wagonjwa wanaoishi na mende au panya na ambao wana mzio au dalili zinazotokana nao. Kwa wasio na mzio wala dalili hizo, haushauri hatua hizo kama sehemu ya tiba ya pumu. Udhibiti husishi una mambo haya:

* *Kunyima chakula na maji:* vyombo kuoshwa kabla ya kulala, unga na sukari kuwekwa kwenye makopo yenye vifuniko, taka kutolewa kila jioni, bomba linalovuja kutengenezwa.
* *Kuziba njia:* nyufa za ukuta, matundu yanayopitisha mabomba na nafasi chini ya milango.
* *Kuua kwa uangalifu:* chambo cha jeli kwa mende, kikiwekwa kwa matone madogo kwenye maficho yao mbali na watoto. Mitego ya kunasa kwa panya.
* *Kusafisha baada ya kuua:* kufuta kwa kitambaa kibichi, kupiga deki, kufua matandiko. Vizio hubaki katika vumbi kwa miezi baada ya mende wa mwisho kufa.

Dawa za kupuliza zinaweza kumbana kifua mtoto mwenye pumu, na mende wengi wamezizoea. Sumu za shambani, au zinazouzwa katika chupa zisizo na maelezo, hazifai kabisa kutumiwa ndani ya nyumba.

Kwa pumu kali isiyotulia, ipo dawa ya sindano iitwayo omalizumabu inayoizuia IgE. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, likiwa na washiriki 419 wa miaka 6 hadi 20, dawa hiyo ilipunguza mashambulio, na walionufaika zaidi walikuwa wenye mzio wa mende wanaoishi na mende. Bei yake ni kubwa sana.

Ugumu mkubwa ni wa makazi. Mende na panya hupita kutoka nyumba hadi nyumba katika jengo moja, na mpangaji mmoja akisafisha peke yake huwarudishia jirani, nao hurudi. Kwa hiyo katika nyumba za kupanga kazi hufaulu ikiwa mwenye nyumba na wapangaji wote wanashirikiana.

## Hali katika Afrika Mashariki

Mende wote wawili waliotajwa hupatikana katika miji ya Afrika Mashariki, na joto na unyevu wa pwani huwafaa sana wao na utitiri pia. Vipimo vya mzio hupatikana hasa katika hospitali kubwa na maabara za mijini, na gharama yake huwa nje ya uwezo wa familia nyingi.

Kukosa kipimo hakumzuii mtoto kutibiwa. Pumu hutambuliwa kwa historia na uchunguzi wa mapafu, na dawa za kuvuta kama budesonidi na salbutamoli zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Nyumba yenye mende au panya wanaoonekana inaweza kuanza udhibiti husishi bila kusubiri maabara, kwa sababu hatua zake nyingi ni za gharama ndogo na zina faida nyingine za kiafya. Kipimo kinakuwa na thamani zaidi pale pumu inapokataa kutulia licha ya dawa kutumiwa vizuri, au familia inapotaka kujua fedha yake kidogo iende kwenye nini: magodoro, mende au panya.

## Tazama pia

* Pumu
* Mzio
* Mende
* Panya
* Utitiri
* Mfumo wa kinga